Aliyeuma wa Kwanza

Watu wa machimboni walimwita Mama Mifupa, na jina hilo lilimuudhi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Maana katika maisha yake yote ya kazi, mwanamke huyu hakuwahi kuchimba mfupa hata mmoja. Viumbe aliowatafuta waliishi kabla mfupa haujakuwepo duniani. Alishaeleza mpaka akachoka. "Hawakuwa na mifupa, nyie! Walikuwa laini kama ulimi!" Wapasua kokoto wanamwitikia, "Sawa, Mama Mifupa," na nyundo zinaendelea kulia.

Alikuwa mtaalamu wa visukuku, yaani zile alama za viumbe wa kale zilizogeuka jiwe. Chuo kikuu alikuwa profesa, ana ofisi yenye dirisha linaloangalia matangi ya maji, na wanafunzi wanaomwogopa kama moto. Mfupi, matege kidogo, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa kushika nyundo miaka nenda miaka rudi. Ukimkosea hazungushi maneno. Anakupa yako palepale, na maneno yasipotosha, mkono upo.

Msimlaumu haraka. Kwao, mkono ndio uliokuwa unazungumza. Baba alikuwa muuza nyama. Bucha lilikuwa chini, wao wanaishi juu, na kila jioni harufu ya damu ilipanda ngazi pamoja naye. Alikuwa fundi wa kisu, hilo hakuna wa kumnyima, na kwa wateja alikuwa mcheshi ajabu. Lakini akishapiga chupa zake, ole wao waliokuwa ndani. Alimpiga mkewe kwa mkanda, kwa kiatu, kwa ubao wa kukatia nyama. Alimpiga mwanawe wa kiume mpaka sikio moja likaziba na halijafunguka hadi leo. Mtoto wa kike, ambaye ndiye mkubwa, alijifunza mambo mawili kwa mzee huyo. Alijifunza kutazama jeraha na kujua limefanywa na nini: hili kisu, hili shoka, hili meno ya mbwa aliyejipenyeza dukani. Na alijifunza kutongoja. Siku baba alipomkamata yule mdogo shingoni akawa anamgongesha kichwa kwenye kizingiti, anarudia na kurudia, dada mtu alinyanyua jiwe la mizani, lile zito kuliko yote, akampiga nalo baba yake mdomoni. Meno yalimwagika sakafuni. Baba hakumgusa tena yule mtoto, na mpaka anaingia kaburini alitafuna kwa upande mmoja.

Yule mdogo akakua akawa mlipuaji wa miamba, watu wakamwita Baruti. Jina kali, mtu mpole. Anatoboa mwamba, anajaza dawa zake, anavuta waya, anapiga filimbi, mlima unashuka, halafu anakung'uta vumbi kwenye suruali na kuuliza kama kuna maji ya kunywa. Dada mtu akaingia njia ya vitabu. Wengi walidhani wamepishana njia. Wapi! Wote wawili waliishia kula kwa jasho la jiwe.

Sasa, kazi yenyewe ya Mama Mifupa ilikuwa hivi. Hapo mwanzo kabisa, wanyama wa kwanza walipotokea baharini, ilikuwa dunia ya amani ya kushangaza. Walilala chini ya maji kama majani yaliyodondoka, wengine kama mikeka, wengine kama mifuko mitupu. Hakuna mwenye jicho. Hakuna mwenye mdomo wa maana. Kila mmoja anafyonza chake kutoka kwenye maji, hamsumbui jirani. Wakaishi hivyo miaka mamilioni. Halafu, katika tabaka za juu zaidi, ghafla kila mtu kavaa gamba, kila mtu kaota miiba, kila mtu anajichimbia mashimo kama mwizi anayesakwa. Kuna kitu kiliwatisha. Kuna mmoja, siku moja, alimgeukia mwenzake akamuuma, na tangu siku hiyo duniani hapakukalika tena. Mama Mifupa alitaka kumjua huyo. Hakutaka habari zake, hakutaka makisio. Alimtaka yeye mwenyewe, na meno yake.

Angali mwalimu kijana alipata kipande cha jiwe chenye kiumbe cha umbo la jani. Ubavuni kilikuwa kimenyofolewa pande la mviringo, kingo zake zimechanika. Binti wa mwenye bucha alipotazama hakuhitaji kuambiwa. Aliandika, akasema huyu ameumwa, na ameumwa mapema mno kuliko wote mnaowajua.

Akaitwa kueleza kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu. Ukumbi umejaa, chupa za maji mezani, koti kila kiti. Alipomaliza akasimama profesa mmoja mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu, tumwite Ndevu, akashika kipaza sauti kama anashika glasi ya harusini. "Namheshimu sana mwenzetu," akasema, "ila tusidanganyane. Hilo jeraha ni la patasi yake mwenyewe. Na kuhusu picha, jamani, ukiweka taa ubavuni, hata ukuta wa choo utaota meno."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Mifupa akashuka jukwaani taratibu, wengine wakidhani anakwenda kumpa mkono. Akampa. Lilikuwa kofi la kiwiko hadi vidole, miwani ikaruka safu mbili nyuma, Ndevu akayumba akaanguka juu ya mke wa mtu. Aliponyanyuka akamsukuma Mama Mifupa, naye akamrukia kooni, na ilibidi walinzi waje kuwaachanisha, kifungo cha shati la Ndevu kikiwa kimebaki kwenye ngumi ya profesa wa kike.

Chuo kilimsimamisha kazi kwa muda. Hilo hakulijali. Kilichomla ndani ni kwamba hakuna aliyemwamini tena. Akituma makala, zinarudi. Akiomba gari la kwenda kuchimba, gari bovu. Akipita varandani, vijana wanafumba midomo kwa madaftari. Wenye kumsalimia walimsalimia kama mtu aliyetoka kuugua kichwa. Basi akajiapia: kabla hajastaafu atamtoa huyo muuaji wa kwanza kwenye jiwe akiwa mzima, amweke mezani mbele ya Ndevu, amwambie haya, lete hiyo patasi yako.

Ndiyo maana alikuwa mtu wa machimboni. Miamba ya hapo ilikuwa ya umri uleule aliouhitaji, na mlipuaji alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Baruti akishalipua, kabla malori hayajaingia, anampigia simu. "Dada, njoo uokote mifupa yako." Anatukanwa vizuri, anacheka, anakata simu. Mwenye machimbo, ambaye wote walimwita Tajiri, aliliacha hilo lipite kwa sababu halikumgharimu kitu.

Siku aliyomwona muuaji wake, Mama Mifupa alikuwa amelala chali. Katika kazi hii unatazama juu. Kiumbe alilala chini ya bahari, mchanga ukammwagikia, ukajaa kwenye umbo lake. Kwa hiyo baada ya miaka yote hiyo, umbo linaning'inia upande wa chini wa tabaka la juu, kama kitu kilichobandikwa kwenye dari. Baruti alikuwa amelipua tabaka la chini, la juu likabaki limechomoza kama rafu, jiwe pana kuliko mlango. Dada akajipenyeza chini yake asubuhi, jua likiwa bado chini. Alama hizi ni za kina cha ukucha tu, mwanga wa kukingama ndio unaozifichua. Jua likipanda, zinafutika. Akageuza kioo chake cha mkononi, mwanga ukapita juu ya jiwe, na pale, sentimita chache juu ya pua yake, wakatokea.

Wawili. Mmoja alikuwa lile jani analolijua. Mwingine alikuwa mrefu wa kama kiganja na vidole vyake, mwili wa pingili, na mbele yake mdomo wa duara uliozungukwa na meno madogo kama ya msumeno. Mdomo ulikuwa bado umeng'ang'ania ubavu wa mwenzake. Nyama imechanwa, kipande kimeshaingia nusu. Mchanga uliwafunika wote wawili katikati ya tendo. Kwa maneno ya polisi, alikuwa amenaswa na kidhibiti.

Mama Mifupa alicheka akiwa amelala vilevile, machozi yakimwingia masikioni. Baruti alipoinama kuchungulia alimkuta anamtukana Ndevu kwa jina la ukoo wake wote.

Alijaribu kupaka ule mpira wa majimaji ambao ukikauka unabanduka na sura ya kisukuku, lakini dari lilikuwa linatoa unyevu. Mpira uliteleza ukamdondokea usoni, ukamng'oa nusu ya nyusi. Picha alipiga, ila picha Ndevu alishazizika. Ilibidi jiwe lenyewe litoke, zima. Akamwendea Tajiri, akamwomba ukuta ule uachwe kwa muda. Tajiri alikuwa anakula, akasema hewala bila kunyanyua macho.

Kaka na dada wakaanza. Waliitegemeza rafu ile kwa magogo kutoka chini, wakapanda juu wakawa wanachonga mfereji kulizunguka jiwe. Katika ufundi huu sheria ni moja, na Mama Mifupa alikuwa ameitia vichwani mwa wanafunzi wake kwa kuwagonga vifundo vya vidole na mpini wa nyundo: patasi haimkaribii kiumbe. Unazunguka. Unakaa mbali naye, unachonga, unarudi, unazunguka tena, hata kama itakuchukua msimu mzima. Kwa juu jiwe lilikuwa tupu, halionyeshi kitu, lakini yeye aliwajua wawili wale walipolala chini yake kama unavyojua kitanda chako gizani. Walikuwa katikati hasa, na hapo katikati ndipo jiwe lilipokuwa jembamba zaidi. "Hapa ukidondosha hata kopo la chai nakuua," alimwambia Baruti.

"Na chai yenyewe hujanipa," Baruti akajibu.

Kisha Tajiri akapata kazi ya kumwaga kokoto za barabara, akaisahau hewala yake. Akamwagiza Baruti alipue ukuta ule. Baruti akakataa. Akaagizwa tena, akakataa tena, akatia betri ya kulipulia mfukoni akakaa nayo. Ndipo Tajiri akamtuma Kifua.

Kifua alikuwa msimamizi wa machimbo, jitu la miraba minne. Alikuja na wapasua mawe wanne nyuma yake, ameshika mpini wa koleo, na mwanzoni alizungumza vizuri.

"Baruti, ndugu yangu, usinitie matatani. Ukuta huu unalipuliwa leo."

"Dada yangu akimaliza."

"Dada yako hanilipi mimi. Lete betri."

"Kalipue makalio ya tajiri wako," akasema Baruti, yule mpole, na hata dada yake akageuka kumtazama.

Mpini ulimpata kwenye shavu, ukalichana hadi kwenye fizi. Wa pili ulimpata mbavuni. Baruti akapiga magoti, Kifua akaanza kumpekua mifuko huku akimkandamiza uso kwenye kokoto kwa buti, na wale wanne wamesimama tu, mikono kwapani, wakitazama pembeni. Mama Mifupa alikuwa juu ya rafu. Hakuita mtu wala hakupiga kelele. Aliruka akatua kwa miguu yake ya matege, akaja na ile nyundo ndogo ya kazi, akamshushia Kifua begani. Mfupa wa bega ulilia, kila mtu akausikia. Kifua akanguruma kama ng'ombe, akageuka na ngumi ya mkono uliobaki, ikampata mwanamke katikati ya uso. Pua ikavunjika. Akakaa chini, damu inambubujika kifuani, nyundo bado mkononi, na akanyanyuka tena. Mjinga wa mwisho! Angelala pale, mambo yangeishia hapo.

Akamrudia Kifua. Kifua akainua buti kumpiga teke la tumbo, na Baruti, uso wote damu, akamrukia kwa nyuma akamng'ata sikio. Wakazunguka, wakazunguka. Kifua alikuwa na mkono mmoja tu lakini mkono huo ulitosha. Alimvuta Baruti kwa ukosi, akamnyanyua na kumrusha kama gunia. Baruti akaruka akatua chini ya rafu, mgongo wake ukayapiga magogo. Gogo la kwanza likateleza. La pili likalia. Jiwe likashuka.

Vumbi lilipotulia, hakuna aliyekuwa anapigana. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa umeegemea rundo la kifusi, upande mwingine uko juu ya paja la Baruti, na Baruti anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, macho yamemtoka, anapumua kwa pumzi fupifupi. Wale wawili wa miaka mamilioni walikuwa wamemlalia.

"Jeki!" akapiga kelele Kifua. "Jeki ya lori!" Na akatimua mbio mwenyewe, bega linaning'inia, analia njia nzima kama mtoto. Wapasua mawe waliobaki walichukua mtaimbo wakaupenyeza chini ya jiwe, wakakandamiza, kifusi kikamumunyuka na jiwe likatikisika. Baruti akapiga ukelele. Wakaacha.

"Msiguse!" Mama Mifupa akawafokea. "Linakalia kifusi, kifusi kinaondoka. Lazima livunjwe."

Alijua pa kuvunja. Nani angejua kuliko yeye? Lipige katikati, penye wembamba, litakatika vipande viwili, kila kipande watu wawili wanakitupa. Baruti naye alilijua, alikuwa mtu wa mawe. "Dada," akaita kutoka chini, "katikati. Piga katikati."

"Nakuja, mdogo wangu. Nakuja."

Akapanda juu na nyundo kubwa na patasi. Na hapa, jamani, mimi mwenyewe nikifika hapa hasira zinanipanda, nataka kumshika mwanamke huyu nimtikise. Patasi aliiweka pembeni. Hakuamua. Haki ya Mungu hakuamua. Mkono ulikwenda wenyewe pale ulipozoea kwenda, kwenye ule mfereji walioanza kuuchonga, mbali na kiumbe. Akapiga. Akasogeza patasi mbele kidogo kwenye mfereji uleule, akapiga tena. Kichwani mwake anajiambia anampigania ndugu yake. Akasogeza. Akapiga. Alikuwa anazunguka.

"Katikati, dada!"

"Nakuja!" Na patasi inafuata mfereji, taratibu, kwa usafi, kazi nzuri kabisa, kazi ambayo angempa mwanafunzi maksi zote. Mpasua mawe mmoja, mzee kuliko wenzake, alimtazama akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nani amfundishe profesa? Mama Mifupa alimwona. Alimwona, na katika kumwona akajua anachokifanya, na hapo alipojua alipiga tena pembeni mara moja. Hiyo moja haikuwa mazoea. Hiyo moja alitaka wote wawili wapone, ndugu na muuaji, na akadhani muda upo.

Kifusi kikaachia. Jiwe likashuka mara ya pili, si kwa kishindo, lilikaa tu, kama mtu mzito anavyojiweka sawa kitini. Sauti iliyotoka chini wale watu hawajaisahau, na ile ya Baruti iliyofuata ilisikika hadi kwenye mizani ya malori.

Ndipo akapiga katikati. Alitupa patasi, akaishika nyundo kubwa kwa mikono miwili, akaishusha pale alipopajua, akaishusha tena, damu ya pua ikimrukia machoni, anatukana, anamtukana Ndevu, anamtukana baba yake, anajitukana yeye. Jiwe likapasuka kama sahani. Wapasua mawe wakarukia vipande, wakavitupa huku na huku, wakavikanyaga, wakamvuta Baruti kwa makwapa. Kile kipande chenye mdomo kilianguka kifudifudi kwenye njia ya lori, na lori lililokuja kumbeba majeruhi lilikipitia likakisaga. Mama Mifupa alikiona kikisagwa. Alikuwa ameshika mguu wa mdogo wake kwa mikono yote miwili kuuzuia usicheze.

Mguu ulikatwa usiku uleule. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alimwita varandani akamweleza kwa upole. Alisema kuvunjika kwa kwanza kungetibika, wangefunga vyuma na mtu angetembea. Kilichouua mguu ni jiwe kushuka mara ya pili. "Lilikaa juu yake muda gani kabla ya hapo?" akauliza, kalamu mkononi.

"Kidogo," akasema Mama Mifupa, pua imefungwa bandeji, sauti inatoka kama ya mtu mwingine.

Asubuhi akaingia wodini. Baruti alikuwa amezinduka, shavu limeshonwa, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Dada akavuta kiti. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, alisema, "Mdogo wangu, nilipiga kwa nguvu zangu zote."

"Nilikuwa macho, dada," akasema Baruti. "Nilikuwa nasikia."

Heri Baruti angemtukana. Angechukua lile jagi la chuma kando ya kitanda ampasue nalo kichwa, dada angeshukuru. Baruti alimtazama tu, jicho moja limevimba.

Mlango ukafunguka, akaingia mama yao. Mwanamke mkongwe, mkono wake mmoja haukunjuki vizuri tangu zama za mumewe, anaburuta kandambili, amepanda ngazi peke yake. Habari zilimfikia kamili, au alidhani kamili: wapasua mawe walikuwa wamemweleza jinsi profesa alivyolivunja jiwe lake la maisha kwa mikono yake kumtoa ndugu yake. Alimkumbatia kwanza mwanawe kitandani, akalia, akamfuta uso. Kisha akamgeukia binti yake, akaishika ile mikono iliyochubuka, akaibusu mmoja baada ya mwingine.

"Mwanangu," akasema. "Najua lile jiwe lilikuwa nini kwako. Mimi najua. Na hukusita."

"Mama," Mama Mifupa akaanza, "mama, sikiliza, mimi..."

"Hakusita, mama," akasema Baruti kutoka kitandani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Alipiga palepale katikati. Hata kufikiri hakufikiri."

Mama Mifupa akamtazama mdogo wake. Ngumi ya Kifua haikuwa kitu. Mkanda wa baba haukuwa kitu. Alitaka kupiga kelele kwamba ni uongo, na mama yake alikuwa bado ameshika mikono yake, uso umemchanua kama hakuwahi kupigwa maishani.

Mama mtu akamwachia, akaanza kupita kitanda hadi kitanda. Aliwaambia wagonjwa na waliokuja kuwatazama, akiwanyooshea kidole, yule, yule pale mwenye bandeji ya pua, huyo ndiye binti yangu, mnamwona? Watu wakageuka kumtazama, wengine wakaitikia kwa heshima, mmoja akapiga makofi. Mama Mifupa akabaki amesimama pale pale, mikono inaning'inia. Baruti akavuta shuka hadi kidevuni, akageuzia uso ukutani.